Chagua kapasita ya twita kwa kufuata omu za spika

Magari mengi ninayoletewa hapa Mwanjelwa, Mbeya, hasa Noah na Hiace za abiria wa Tukuyu na Kyela, huja na lalamiko moja: twita mpya, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, inakwaruza, kisha inaungua. Nikifungua mlango, mara nyingi nakuta twita imeungwa moja kwa moja kwenye waya za spika kubwa, ikilazimishwa kubeba besi ambayo koili yake nyembamba haikuundwa kuihimili.

Kapasita moja iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya chanya wa twita huondoa tatizo hilo, kwa kuwa hupitisha masafa ya juu na kupunguza ya chini kwa desibeli 6 katika kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Lakini thamani yake, inayopimwa kwa maikrofaradi, haina maana mpaka ujue omu za twita, yaani kiasi inavyozuia umeme. Zidisha omu kwa hezi unazotaka kukatia, yaani masafa ambayo chini yake sauti ianze kupunguzwa, kisha gawa 159,000 kwa jibu hilo, nawe utapata maikrofaradi. Twita ya omu 4 ikikatwa kwenye hezi 4,000 inahitaji takribani maikrofaradi 10. Kapasita hiyohiyo kwenye twita ya omu 8 itakata kwenye hezi 2,000, na sauti za kati zitaiumiza. Kwa twita za bei nafuu mimi hutumia maikrofaradi 6.8 kwenye omu 4 ili kukata juu zaidi, maana mkato huu ni wa taratibu. Kama maandishi ya nyuma yamefutika, pima kwa multimita, na usishangae spika ya omu 4 ikisoma 3.4 hivi.

Aina ya kapasita nayo ina uzito wake. Umeme wa spika hugeuka mwelekeo muda wote, hivyo zile zinazochomolewa kwenye redio mbovu, zenye mstari wa alama ya kutoa ubavuni, hazifai zikiwa peke yake. Tafuta iliyoandikwa NP au BP, yaani isiyo na upande maalumu wa chanya na hasi, au ya filamu (ya utando wa plastiki), ya volti 50 au zaidi. Ukikosa kabisa, chukua mbili za maikrofaradi 22, ziunge hasi kwa hasi, nazo zitafanya kazi kama moja ya 11. Napendelea ya filamu, ingawa ni kubwa na ghali, kwa sababu haikauki ndani.

Spika za mlangoni ziwekee kapasita iwapo tu gari lina sabufa, spika kubwa ya kubeba besi. Kwenye omu 4, maikrofaradi 220 hukata karibu na hezi 180.

Viungo vya kusokota kwa mkono havidumu kwenye mvua za Rungwe na barabara zetu za vumbi. Chomelea kwa risasi, funika kwa mpira wa kubana kwa joto, kisha fungia kapasita mahali ambapo kioo kikishuka hakitaigonga. Waya hasi wa spika usiuunge kwenye bodi ya gari, kwani redio nyingi za kisasa hutuma umeme wa sauti kwenye waya zote mbili, na kufanya hivyo kunaweza kuunguza amplifaya iliyomo ndani yake.