Wewe unayeshinda na redio koli kiunoni, soma hapa

Kila nikipokea vijana wapya wa ulinzi, kuna swali huja kabla hata sijawafundisha kubadili chaneli: "Mkuu, hii kitu si inakausha mbegu?" Wanacheka, ila wanamaanisha. Na anayeuliza mara nyingi ameshaichomeka mbele ya mkanda, antena imemlalia tumboni.

Basi tuanzie hapo. Mawimbi ya redio koli si kama ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi. Kinachojulikana vizuri ni kwamba yakizidi kiwango yanapasha mwili joto. Macho na korodani huathirika upesi kwa sababu damu inayopita pale ya kuondoa joto ni kidogo. Kwa hiyo hofu ya vijana ina mzizi, lakini mzizi huo ni mawimbi makali kupita kiwango, si redio ya wati 4 au 5 inayotumiwa inavyotakiwa. Kuhusu saratani, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi 2B, yaani "huenda yakasababisha saratani". Kundi hilohilo limo pia dondoo la jani zima la aloevera, ambayo wengi wetu tumeipanda uani. Sisemi upuuze. Nasema usikose usingizi.

Ila kuna jambo wengi hawaambiwi. Redio koli nyingi za kazini zimepimwa kwa kiwango cha wafanyakazi, si cha raia wa kawaida. Kwa miongozo ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, mwili wa mfanyakazi unaruhusiwa kufyonza hadi wati 10 kwa kilo sehemu za kichwa na kiwiliwili, wa raia wa kawaida wati 2. Mara tano! Sababu ni kwamba mfanyakazi anahesabiwa kuwa mtu aliyefundishwa, anayejua anachokishika. Sasa kama hujafundishwa, hesabu hiyo inakuhusu vipi? Ndiyo maana namwambia kila msimamizi: usigawe redio kama unavyogawa tochi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri atoe maelezo na mafunzo, na hili ni mojawapo. Na ndiyo maana sipendi kuona redio ya kazini imepelekwa nyumbani watoto wachezee, au kamati ya harusi imeazimwa za kampuni ili kuongozana ukumbini.

Mafunzo yenyewe si marefu. Ukisikiliza tu, redio hairushi mawimbi. Inarusha ukibonyeza kitufe cha kuongea, isipokuwa zile zenye GPS au mitambo ya kisasa ambazo hujituma zenyewe kwa muda mfupi sana. Watengenezaji wengi wanataka muda wa kuongea usizidi nusu ya muda wote wa matumizi, na kiwango hupimwa kwa wastani wa dakika 6. Mlinzi anayeripoti "geti namba mbili salama, ova" hata karibu na nusu hafiki. Anayefika ni yule wa kusalimiana hewani, shikamoo na habari za nyumbani, au ambaye kitufe kimekwama. Hili la kukwama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mtu amekaa kwenye kiti, ukingo umekibana kitufe, redio inarusha muda wote na chaneli nzima imeziba. Mwombe fundi anayeweka masafa aweke kikomo cha kurusha, sekunde 60 kwa mfano. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Wakati huohuo ashushe nguvu kama eneo ni dogo. Kiwanja kimoja cha ujenzi pale Mtumba, Dodoma, hakihitaji wati 5, na betri nayo itadumu.

Kushika ndiko kwenye matatizo. Upepo wetu wa Julai na Agosti mnaujua. Mtu hasikii, anaibandika redio sikioni. Kusikiliza hivyo hakuna neno. Tabu ni pale anapojibu bila kuitoa, antena iko kandokando ya jicho. Ishushe, isimame wima mbele ya uso, maiki iwe sentimita 2.5 hadi 5 kutoka midomoni. Hata sauti itasikika safi, maana ukiimeza maiki kituo kinapokea mkoromo. Kama kelele ni nyingi, nunua maiki ya bega au kisikilizio. Lakini ukitumia hivyo redio inabaki kiunoni ikirusha, kwa hiyo iwe kwenye kibanio au mfuko wa mtengenezaji wake, si uliochongwa na fundi viatu. Ukiwa huna, iache mbali na mwili angalau sentimita 2.5 wakati wa kuongea.

Antena si mpini. Wapo wanaoibeba redio kwa antena, wanaizungusha wakiwa doria, mpira unapasuka, kisha unafungwa solotepu nyeusi. Kugusa chuma kilicho wazi wakati wa kurusha kunaweza kuunguza ngozi. Badilisha, na uweke ya masafa hayohayo.

Dada mjamzito aliye zamu, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama raia wa kawaida, si mfanyakazi. Mpangie kazi isiyomlazimu kurusha mara kwa mara. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aiweke redio sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani. Na kwenye machimbo ya kokoto wanapolipua kwa fataki za umeme, bango likisema zima redio, zima kabisa, usipunguze sauti tu.

Linalonisumbua zaidi, kusema kweli, ni pikapu. Redio ya gari inatoa wati 25 hadi 50, si 5, na antena yake iko juu ya kabini. Vijana wamesimama nyuma wameshika bomba, mmoja shavu linakaribia kuigusa antena, dereva mbele anabonyeza na kueleza safari nzima. Vitabu vya watengenezaji hutaja umbali wa sentimita 90 hivi. Kwetu dereva aliyebeba watu nyuma haruhusiwi kuongea na redio ya gari. Anatumia ya mkononi, au anasimama, wanashuka, ndipo anaita kituo.