Choo kuwa haki ya binadamu: namjibu aliyesema "si mchimbe tu shimo"

Mwenye uzi anauliza haki za binadamu zinaingiaje chooni, wakati mtu akitaka choo ni kuchukua jembe na kuchimba. Haya, nichimbe kwenye shamba la nani?

Niliolewa Ganze, kule Kilifi. Boma letu lilikuwa na choo kizuri tu, udongo na makuti, mlangoni gunia. Ila kilikuwa cha baba mkwe, na kwa mila za pale mkaza mwana hachangii choo na mkwewe. Hata kuonekana unaelekea upande ule ni aibu. Kwa hiyo mimi na mke wa shemeji yangu tulikuwa watu wa vichakani.

Mahindi yakisimama, unajificha. Kiangazi kila kitu kimekauka, ukichuchumaa unaonekana hadi barabarani, basi unangoja giza. Na ili uweze kungoja, hunywi maji. Mimba yangu ya kwanza, na jua lile, nilikuwa nashinda na kikombe kimoja cha chai. Dawa za maambukizi ya mkojo nilimeza mara tatu kabla sijajifungua. Ya siku za hedhi naacha, najua mtakavyochangia hapa chini.

Siku moja akapita mhudumu wa afya na daftari. "Boma lina choo?" Baba mkwe akajibu kipo. Ikatiwa alama ya vema, akaenda zake. Sisi tuko pale pale tunapukuchua mahindi, hatukuulizwa.

Sasa ndugu, Kenya tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 43 kinataja usafi wa viwango vya kuridhisha kwa kila mtu. Mkataba wa kimataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 14, unamtaja kabisa mwanamke wa kijijini na usafi wake. Haidaiwi serikali ije ikuchimbie. Ninachodai mimi ni kuhesabiwa: ile "kipo" ni ya nani?

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana ilipofika nililipa vijana wawili wachimbe nyuma ya jiko. Wakasimamishwa, ardhi si yangu. Mume wangu yuko Mombasa kazini, ikabidi asubiriwe arudi aniombee ruhusa, miezi miwili. Mlango niliweka wa mabati, komeo kwa ndani. Siku ya kwanza nilikaa humo muda mrefu bila haja yoyote, nafunga komeo, nafungua, nafunga tena.