Re: Chuo cha bei nafuu hapa Minnesota

Habari ndugu. Umesema binti yako anamaliza hai skuli, hutaki atoke Minnesota, na ada za vyuo zinakutisha.

Kabla ya jina la chuo chochote, jazeni FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa kulipia chuo. Tangu mwaka wa masomo ulioanza 2024, mpango wa North Star Promise unalipia ada inayobaki baada ya misaada mingine, mradi kipato cha familia kiwe chini ya dola 80,000 na chuo kiwe cha umma. Chakula na pango ni juu yenu.

Kijana wangu alianzia Normandale, chuo cha umma cha miaka miwili kilichoko Bloomington, akilala nyumbani, kisha akahamia chuo kikuu. Kilichomwokoa ni kuchagua masomo ya Minnesota Transfer Curriculum, zile krediti 40 (alama za kuhesabia masomo uliyomaliza) ambazo vyuo vya umma vya jimbo hupokeana. Mpwa wangu alivutwa na matangazo ya chuo kimoja binafsi; alipotaka kuhama, krediti karibu zote zilikataliwa. Deni bado analipa!

Ubora mimi hupima kwa College Scorecard, tovuti ya serikali: wangapi wanamaliza, wanatoka na deni gani. Kama anataka uuguzi, waulize waliopita huko, mimi sijaupitia.