Ukianza kusoma vikosi vya siri, anza na karani kabla ya komandoo

Wengi mnaochagua ujasusi wa kijeshi kuwa mada ya utafiti huingia kupitia mlango mmoja: usiku wa giza, helikopta, watu wenye bunduki wanavunja kitasa. Hapo hamna kitu cha kuandika kurasa arubaini. Kwenye harusi macho yote huwa kwa bwana harusi na joho lake, lakini shughuli ilisimama kwa waliokesha wakimenya vitunguu. Vikosi mnavyotaka kuvisoma ni hao wa vitunguu.

Kazi yao hufanyika kabla. Mlango unafungukia ndani au nje? Walinzi wanapokezana saa ngapi? Lori litalala wapi siku mbili bila jirani kuuliza? Simu ya mtu anayetafutwa inasikika upande gani wa mji? Kila swali lina fundi wake: mtu wa miguuni anayepita mtaa ule mchana kama mpita njia, na mtu wa masikio anayenasa mawimbi ya redio na kupima yanatokea wapi. Mada yako iende kwa hao.

Mfano wa kuanzia ni jaribio la Marekani la kuwakomboa mateka 53 nchini Iran, tarehe 24 na 25 Aprili 1980. Helikopta 8 ziliondoka, mpango ulihitaji zisipungue 6, na kwenye kituo cha jangwani zilizokuwa nzima ni 5. Operesheni ikavunjwa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja ikagonga ndege iliyobeba mafuta, wakafa askari 8. Wanafunzi wengi humalizia hapo, wakalaumu vumbi la jangwani. Lakini jiulize: zingefika, nani alikuwa akizingoja Tehran? CIA, shirika la ujasusi la Marekani, haikuwa na mtandao wa kutosha mjini, na jeshi likalazimika kumpenyeza mstaafu wake, Richard Meadows, kwa pasipoti ya bandia, akakague ghala na malori. Pengo hilo ndilo lililozaa kikosi cha muda mwaka huohuo, na Machi 1981 kikawa kikosi cha kudumu cha jeshi la nchi kavu, Intelligence Support Activity (ISA), kilichoweka watu wa miguuni na watu wa masikio chini ya kamanda mmoja.

Kosa linalofuata ni kukipa kikosi sifa isiyo yake. Jenerali Dozier wa jeshi la Marekani alitekwa Verona, Italia, tarehe 17 Disemba 1981, akaokolewa Padua tarehe 28 Januari 1982. Wamarekani walipeleka wataalamu wa kunasa mawimbi, lakini waliovunja mlango ni polisi wa Italia. Ukiandika "ISA walimkomboa Dozier", msimamizi makini atakata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, na ana haki. Andika nani alisikiliza, nani aliamua, nani aliingia. Ni vitenzi vitatu, na aghalabu wenyewe ni watu watatu tafauti.

Kuhusu majina, fungua daftari lenye safu nne: jina, mwaka lilipotajwa, nani kalitaja, kwenye waraka gani. Centra Spike, Torn Victor na Gray Fox yanasomeka kama vikosi vitatu, kumbe ni majina ya msimbo yaliyobadilishwa kwa kikosi kimoja, hichohicho cha ISA, au kazi zake. Asiye na daftari hilo huhesabu mtu mmoja mara tatu. Uingereza ni kinyume: ilitangaza hadharani kuundwa kwa kikosi cha Special Reconnaissance Regiment, tarehe 6 Aprili 2005, kilichorithi kazi na watu wa kikosi cha upelelezi kilichokuwa Ireland ya Kaskazini, kisha ikafunga mdomo. Kwa hiyo kwa Waingereza utapata jina bila makaratasi, na kwa Wamarekani makaratasi bila jina la kudumu, kwa sababu sheria yao ya uhuru wa habari ya 1966 inamruhusu mtu kuomba nyaraka.

Nyaraka hizo zina namna yake ya kusomwa. Kwanza tazama herufi ndani ya mabano mwanzoni mwa kila aya: U ni ya wazi, C ni ya faragha, S ni siri, TS ni siri kuu. Aya ya U katikati ya aya za S mara nyingi ndiyo inayokupa muktadha. Pili, tazama alama kando ya sehemu iliyopakwa wino mweusi: b1 ni usalama wa taifa, b3 ni sheria nyingine inayokataza, b6 ni faragha ya mtu. Penye b6 pana uwezekano mkubwa kuwa ni jina, si mpango wa vita. Usijenge nadharia juu yake. Tatu, hesabu kurasa. Waraka wa kurasa 14 uliotolewa kurasa 9 lazima uelezwe hivyo kwenye tanbihi yako. Nne, tafuta kama umetolewa mara ya pili. Afisa mmoja hufuta kile ambacho mwenzake, miaka mingine, amekiacha wazi. Ziweke nakala mbili ubavuni kwa ubavu. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Uvumi usiutupe, lakini uuweke kwenye chumba chake. Wanaosoma Tunguu, hapa Unguja, wako jirani na historia: miaka ya mwanzo ya 1960 Marekani ilikuwa na kituo hapo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, uliokuwa wa kupeleka watu angani, watu wakasema ni roketi, na baada ya Mapinduzi kikaondolewa mwaka 1964. Uvumi ule ni ushahidi mzuri wa hofu za siasa za wakati ule. Si ushahidi wa roketi. Na mambo ya vyombo vyetu wenyewe vya ulinzi na usalama yaacheni: Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani, na wala hamhitaji picha ya kambi yoyote kwa mada hii.

Waraka ambao ningemtaka kila anayeanza ausome mwanzo ni wa tarehe 26 Mei 1982. Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani analalamika kuwa kikosi hicho cha ISA kimekuwa kama CIA ya pembeni, isiyoratibiwa wala kuwajibika, na anataka kifungwe isipokuwa aletewe mpango wa fedha, safu ya uongozi na utaratibu wa kuliarifu Bunge. Hakikufungwa. Lakini ugomvi ule wa kikarani unakueleza zaidi kuliko hadithi yoyote ya shambulio.

Aliyeusaini ni Frank Carlucci, yule aliyekuwa balozi mdogo hapa Unguja na kufukuzwa nchini Januari 1965. Simu yake na mwenzake wa Dar es Salaam ilinaswa, ikachukuliwa kuwa njama. Kwa maelezo ya upande wa Marekani, "risasi" iliyotajwa ilikuwa na maana ya hoja za kuwashawishi wakubwa zao kuhusu salamu za maadhimisho ya Mapinduzi. Kwa hiyo ukipata nakala ya mazungumzo yaliyonaswa, kabla ya kunukuu neno hata moja andika pembeni: nani na nani, kwa lugha gani, siku gani, na walikuwa wakizungumzia nini dakika tano kabla.