Kumwonjesha mtoto uraka nyumbani hakumkingi na ulevi

Dada uliyeuliza, hapana: kumwonjesha kijana wa miaka 14 uraka (pombe ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho) mbele yako ili "azoee asije kulewa nje" hakumsaidii. Australia walifuatilia vijana wapatao 1,900 kwa miaka 6, matokeo yakatoka 2018: waliopewa pombe na wazazi hawakupata kinga yoyote, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kupita kiasi na kupata madhara.

Kinachosaidia ni katazo lililo wazi, kujua yuko wapi na nani, na mzazi kuzungumza naye akiwa ametulia. Fimbo inamfundisha kujificha tu. Na nyumba nzima iseme neno moja. Huku kwetu Newala, Mtwara, mama anakataza, bibi anamimina kikombe, basi kazi yote imeharibika. Mjomba naye ashirikishwe, maana kwa Wamakonde neno lake mara nyingi linasikika kuliko la baba. Mimi ni mhudumu wa afya kijijini, na msimu wa mabibo ndio unaonitia hofu zaidi: uraka uko kila kona, na vijana wana hela ya kuokota korosho mfukoni. Anayemuuzia umkumbushe kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18.

Ila kama anakunywa kila siku na asubuhi mikono inamtetemeka, usimkatishe ghafla nyumbani. Mpeleke hospitali, kuacha kwa mkupuo kunaweza kumletea degedege.