Hadithi Imerudi Nyekundu Tupu

SWALI: Nilimpa mhariri hadithi yangu ya kurasa 12, ikarudi nyekundu tupu. Hata bibi mmoja wa Mombasa aliyesema "Nshakwambia sitaki" sasa anasema "Nimekwisha kukuambia kwamba sitaki." Mhariri mzuri nitamjuaje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Kwa huyo bibi, mhariri wako amekosea. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 (mkutano wenyewe ulifanyika huko huko Mombasa!), lakini bibi anayesema Kimvita, lahaja ya Mombasa, hana deni nacho akiwa ndani ya alama za kunukuu. Asanifishe lugha ya msimulizi, wahusika awaache na midomo yao.

Ila usiyatupe masahihisho yote. Yapitie moja moja ukiuliza: sababu yake inatajika? "Alipiga kula" ikiwa "alipiga kura", hapo hahitaji ruhusa yako. "Nyumba ya dhamana kubwa" kuwa "ya thamani kubwa", vilevile. Lakini "akaenda zake" kuwa "akaondoka" ni ladha yake tu. Irudishe.

Kazi yenyewe iko hapa: "Juma alimwambia Ali kuwa mamake anamwita." Mama wa nani, na anayeitwa nani? Sarufi yetu haisemi. Mhariri mbovu hubahatisha, akaandika "mama yake Juma". Sentensi ikanyooka, kisa kikapinda. Mzuri haigusi, huandika pembeni: "Wa Juma au wa Ali?" Hebu hesabu maswali kama hayo katika kurasa zako 12. Kama hakuna hata moja, umefyekwa, hukuhaririwa.

Usomaji wa kwanza wa mhariri mzuri huwa bila kalamu, hadi mwisho. Anayekata ukurasa wa 1 kabla hajaufikia wa 12 huweza kung'oa jambo ambalo mwisho wa hadithi unalitegemea. Halafu huwa na karatasi ya majina na tahajia, Mwanaisha asije akageuka Mwana Aisha. Na mhusika aliyefunga saumu katika ukurasa wa 4 akinywa chai adhuhuri ile ile ukurasa wa 6, programu ya tahajia haitashtuka, mhariri ashtuke. Mazungumzo huyasoma kwa sauti.

Ukitafuta mwingine, mpe kwanza kurasa 2 za majaribio, moja iwe na mazungumzo ya Kimvita, na umtake aache kila badiliko lionekane ili ulikubali au ulikatae. Huyu wa sasa mwandikie kwa nini unairudisha "nshakwambia", uone atajibu nini.