Mamangu alitibiwa TB, kumbe ni nokadia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Kisauni. Mamangu ana miaka 61, ana ugonjwa wa lupasi, ule wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na huu ni mwaka wa pili anameza prednisoloni ya kuishusha kinga hiyo. Alianza kikohozi, homa za jioni, akakonda. Makohozi yalipimwa, TB haikuonekana, lakini kwa vile picha ya kifua ilikuwa na doa, akaanzishiwa dawa za TB. Wiki saba, nafuu hakuna. Kisha likamtoka jipu pajani. Daktari mwingine akapeleka usaha maabara, majibu yakarudi: nokadia. Sasa ana wiki nne kwenye Septrin ya dozi kubwa. Homa imekwisha na amesharudi kwenye mabamia yake nyuma ya nyumba. Anataka kuziacha dawa, asema zamchafua tumbo. Wanangu wawili hulala naye chumba kimoja, je, wataambukizwa? Na prednisoloni tuikatize?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na watoto. Nokadia ni bakteria, na haitoki kwa mtu ikaingia kwa mwingine. Maadamu daktari ameridhika kwamba TB haimo, waache walale na nyanya yao.

Kwamba walidhani ni TB hakunishangazi. Nimekaa na darubini humu Mombasa hadi nikastaafu, na najua magonjwa haya mawili yanavyofanana: kikohozi, homa, kukonda, hata tundu kwenye pafu. Rangi tunayotumia kuitafutia TB, nokadia nayo huishika kidogo. Umbo ndilo huifichua. TB ni vijiti. Nokadia ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mfano wa mizizi ya mche uliong'olewa mchangani. Mfaransa Edmond Nocard, daktari wa mifugo, ndiye aliyeieleza mwaka 1888, kutokana na ng'ombe wa kisiwa cha Guadeloupe.

Tena haina haraka. Bakteria nyingi huota kwenye sahani ya maabara kwa siku moja au mbili. Hii huweza kuchukua wiki mbili na zaidi. Maabara isiyoambiwa kitu huandika "hakuna kilichoota" na sahani ikatupwa mapema. Hili huniuma mpaka leo, kwa sababu fomu ina nafasi ya kueleza hali ya mgonjwa, na nyingi zilinifikia nafasi hiyo ikiwa tupu. Kila mamako anapotolewa kipimo, hakikisha imeandikwa: ana lupasi, anameza prednisoloni. Aliye upande wa pili atajua kungoja.

Dawa asiache. Nokadia ya namna yake hutibiwa miezi 6 hadi 12, na ikikatizwa kwa sababu homa imetulia, hurudi. Mahali inapopapenda ni ubongo. Kwa hiyo muulize daktari kama amepigwa CT au MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa. Ikishaonekana mahali pawili, kifuani na pajani, kichwa nacho huangaliwa hata kama hakimuumi. Muulize pia kama Septrin peke yake yatosha au yahitaji dawa ya pili; wengi wa hali hii hupewa zaidi ya moja.

Kuhusu tumbo, ameze baada ya chakula na anywe maji kwa wingi. Likizidi, daktari ana dawa nyingine za kubadilisha. Damu yake ipimwe mara kwa mara, figo na potasiamu hasa. Akitoka upele, au vidonda mdomoni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Prednisoloni msiikatize wenyewe, nakusihi. Mwili uliozoea dawa hii muda mrefu huacha kujitengenezea homoni yake, na kuisimamisha ghafla kwaweza kumwangusha. Daktari wake wa lupasi anaweza kuipunguza kidogo kidogo.

Limebaki shamba. Nokadia huishi udongoni na kwenye majani yanayooza. Huingia kwa vumbi tunalovuta, au kwa mchubuko wa ngozi. Sisi wenye kinga nzima twaivuta na mara nyingi haitufanyi kitu. Yeye kwa sasa asichimbe wala asiguse samadi. Hata akija kuruhusiwa, iwe kwa viatu, glavu na barakoa. Mabamia ya mwaka huu yapalilie wewe, yeye akuelekeze akiwa barazani.